Banda Lisilo na Kilio

Tabea Nyagawa alizaliwa kijiji cha Ramadhani, pale Njombe, katika nyumba ya wakulima waliokwenda kanisani Jumapili na kulima ulezi na ngano siku sita zilizobaki. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Alitoka huko akijua kusoma, kushona na kunyamaza, na maishani mwake hilo la tatu lilimfaa kuliko mengine.

Aliolewa na Enoki, kijana mpole asiyekuwa na ng'ombe hata mmoja. Enoki akajiandikisha manamba, akapakiwa kwenye lori kwenda kukata mkonge Tanga, akimwacha mkewe na mimba ya miezi mitano. Mtoto alipozaliwa aliitwa Ida. Alikuwa mnene, mwenye sauti kali. Akiwa na njaa, hata watu wa ng'ambo ya bonde walijua. Mama mkwe alizoea kusema, "Huyu ataongoza kwaya, na wazee wa kanisa watamwogopa."

Ida alipofikisha miezi tisa, Tabea alikwenda kuomba kazi ya kuchuma pareto katika shamba la mzungu mmoja, kwenye njia ya kwenda Makambako. Wafanyakazi walimwita mzungu huyo Bwana Tai, maana hakuvua tai shingoni hata akiwa katikati ya matope. Shamba lake lilikuwa na kitu kimoja ambacho mashamba mengine hayakuwa nacho, nacho ni banda la watoto. Kwingine kina mama walichuma maua huku watoto wakiwa mgongoni. Bwana Tai alikwisha kuona kwamba mama asiye na mtoto mgongoni anajaza vikapu viwili wakati mwenzake anajaza kimoja. Kwa hiyo akajenga banda la bati, akalisakafia kwa saruji, akalipaka chokaa ndani na nje, akaweka mlezi. Mlezi huyo alikuwa Beatrisi, mke wa Lameki, mnyapara mkuu.

Beatrisi alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, msafi kama sahani ya wageni. Kanisani alikaa benchi la mbele. Wageni wa Bwana Tai walipofika, walipelekwa kwanza kuona banda lake. Mle ndani walikuwa watoto arobaini, wamelala safu nne kwenye mikeka, kila mmoja na kibao cha mbao shingoni chenye namba. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyekohoa.

"Banda bora," Bwana Tai alikuwa akiwaambia wageni, "ni lile ambalo mtu akipita nje hajui kama ndani mna watoto."

Wageni walitikisa vichwa kwa kustaajabu. Bibi wa Ustawi, mzungu mwanamke aliyekuwa akizunguka kukagua mambo ya kina mama na watoto, aliandika kwenye daftari lake: sakafu safi, watoto watulivu. Mwaka 1952 Beatrisi alipewa cheti na blanketi jekundu la sufu kwa kuwa mlezi wa banda bora. Cheti kilitundikwa ukutani, juu ya vichwa vya watoto. Kina mama nao walisifu. Nani asingesifu? Ukitoka shambani mgongo umekufa ganzi, ukampokea mwanao mkavu, kimya, amelala, unamshukuru Mungu unakwenda kupika.

Wiki ya kwanza Ida alilia bandani mpaka sauti ikasikika shambani, na wanawake wakamcheka Tabea. Wiki ya pili alinyamaza. Tabea alifurahi. Alipomchukua jioni mtoto alikuwa mzito kama gunia la viazi. Alishika ziwa akaliachia. Mdomo wake ulikuwa na harufu ya uchachu. Tabea alidhani ni uji uliolala. Akajiambia kesho atauliza, na kesho ilipofika akachelewa, akaogopa kufungiwa lango, akakimbilia shambani.

Hilo la kutouliza ndilo lililomtafuna baadaye, na ndilo lililofanya chuki yake kwa Beatrisi iwe kali kupita kiasi, maana sehemu ya chuki hiyo ilikuwa ni ya kujichukia mwenyewe.

Ilikuwa Machi 1953. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, ile mvua ya Njombe inayokuja na ukungu na kuingia mpaka kwenye mifupa. Kengele ya saa kumi ilipolia, Tabea alifika bandani na kumkuta Ida mwisho wa safu, karibu na mlango, mahali ambapo maji yalipenya chini ya ubao. Mkeka ulikuwa umelowa. Nguo ya mtoto ilikuwa imelowa. Midomo yake ilikuwa ya bluu, na pumzi ilitoka kwa mluzi mwembamba.

"Leo Namba Kumi na Tisa amelala vizuri sana," Beatrisi alimwambia, akitabasamu. "Mama Ida, mtoto wako sasa ana adabu."

Tabea aliinama kumbeba, pua yake ikagusa mdomo wa mtoto. Safari hii aliijua ile harufu. Ilikuwa ulanzi.

Watu wa nyanda hizi wanagema ulanzi kwenye mianzi wakati wa mvua. Siku ya kwanza ni mtogwa, mtamu, hata mtoto hulambishwa kidogo asilie. Ukikaa siku mbili tatu unakuwa mkangafu, unaoangusha wanaume barabarani. Harufu iliyokuwa mdomoni mwa Ida haikuwa ya mtogwa.

Mtoto aliishi siku mbili. Homa ya mapafu ilimmaliza asubuhi ya Ijumaa, akiwa amepakatwa, bila kulia.

Mazikoni Beatrisi alikuja amejifunga blanketi lake jekundu, kwa kuwa kulikuwa na baridi. Ndiye aliyeanzisha wimbo. Sauti yake ilikuwa nzuri, na watu wakasema mama mnyapara ana upendo. Tabea alisimama kando ya kaburi akimtazama. Hakutoa chozi. Shangazi yake, aliyekuwa ameolewa Matamba na aliyekuja kwa miguu siku mbili, alimnong'oneza, "Lia, mwanangu. Machozi yakibaki ndani yanaoza."

"Yaoze," Tabea alijibu.

Alianza kwa njia ya haki, kama alivyofundishwa. Alikwenda kwa Lameki, akamweleza. Lameki alimsikiliza huku akichonga mpini wa jembe, kisha akasema, "Una shahidi?" Hakuwa naye. Akaenda kwa Bwana Tai, akasimama barazani tangu asubuhi mpaka mchana. Bwana Tai alitoka na kumwambia kwa upole kabisa kwamba anamsikitikia, lakini watoto wa watu weusi wanakufa sana wakati wa mvua, na banda lake lina cheti cha serikali.

Tabea akarudi nyumbani na haki akaiacha barazani kwa Bwana Tai.

Alifikiri kuua. Alifikiria jambo hilo kwa utulivu, kama mtu anavyofikiri kuhusu kupanda maharage. Shangazi wa Matamba alijua mizizi ya kila namna, na kidole kimoja cha unga wake ndani ya uji kingetosha. Lakini kila alipomwona Beatrisi akifa katika mawazo yake, aliona na mazishi: benchi la mbele limejaa, mchungaji anasifu, kwaya inaimba, cheti kimewekwa juu ya jeneza. Hapana. Mtu wa namna ile kifo kingemtukuza. Kitu ambacho Beatrisi alikipenda kuliko uhai kilikuwa jina lake, na Tabea akaamua kulila jina hilo.

Mwezi wa nne alikwenda kwa Beatrisi mwenyewe, mikono nyuma, macho chini.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, Mama Ida. Karibu."

"Mama, shambani nashindwa. Kila nikiona ua naona mwanangu. Niruhusu nikusaidie bandani, nifue nepi, nifagie. Nikae karibu na watoto."

Labda dhamiri ilimchoma Beatrisi, au labda aliona jinsi itakavyopendeza watu wakisikia. "Moyo wako ni wa Kikristo kweli," akasema. "Njoo Jumatatu." Jumapili iliyofuata kanisani watu walimpa Tabea mkono. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini Beatrisi hakuhisi hata mwasho.

Kwa miezi kumi Tabea alifua, akafagia, akatazama. Aliona kila kitu. Kina mama wakishaondoka, Beatrisi alitoa kibuyu kabatini na kikombe kidogo cha bati. Kila mtoto alipata mafunda mawili. Wenye sauti walipata manne. Mwanzi ulipoacha kutoa, pombe ya ulezi ilishika zamu. Saa tatu asubuhi banda lote lilikuwa kimya kama makaburi. Hapo Beatrisi alikaa kwenye kiti akafuma vitambaa vya meza. Uji ambao shamba lilitoa kwa watoto ulipikwa mara moja kwa siku, ukanyweshwa nusu, na nusu ikaenda kwa nguruwe wa Lameki. Mtoto aliyejikojolea alibaki hivyo hadi saa tisa na nusu, alipobadilishwa haraka kabla ya kengele. Beatrisi hakuwa mkatili kwa jinsi ya kupiga au kufinya. Hakuwahi kuinua mkono. Kwake mtoto mwema ni yule anayelala, na aliwasaidia wote kuwa wema.

Tabea angeweza kusema. Kina mama arobaini walikuwa umbali wa kutupa jiwe. Lakini alijua yangetokea nini: Lameki angeuliza shahidi, kibuyu kingefichwa, yeye angefukuzwa, na Beatrisi angebaki na cheti chake. Bibi wa Ustawi alitarajiwa Februari, pamoja na wageni kutoka Dar es Salaam, kulitazama banda ili mashamba mengine yaige. Tabea aliitaka siku hiyo. Akaingoja kama paka anavyongoja mlangoni mwa panya. Wakati anangoja, watoto wa wenzake waliendelea kunyweshwa mbele ya macho yake.

Alijifunza majina yao. Hapo mwanzo alifanya hivyo kwa hasira tu, kwa sababu Beatrisi hakujua jina hata moja. Aliwaita kwa vibao. Namba Saba, Namba Thelathini. Tabea alijua kwamba Namba Saba ni Filbert, anayeogopa kuku. Namba Thelathini ni Yudita, ambaye hali uji mpaka umpe kijiko chake ashike. Namba Kumi na Mbili ni Yoeli, mtoto wa Zipora, mwanamke aliyekuwa akichuma safu moja na Tabea enzi zile na aliyelala naye kwenye msiba wiki nzima.

Siku moja ya Desemba Yoeli alipewa mafunda manne, kisha Beatrisi akasahau, akampa tena. Kabla ya adhuhuri Tabea alipopita na ufagio alimwona mtoto amelegea, shingo imeanguka upande, jicho moja liko wazi. Ufagio ukamponyoka. Alimnyanyua, akampiga mgongoni, akamtapisha kwa kidole, akamvua nguo na kumweka kifuani mwake ndani ya kanga. Alizunguka naye banda zima akimwita jina sikioni, "Yoeli, Yoeli, Yoeli," mpaka saa nane, mtoto alipokunja uso na kutoa kilio kidogo kama cha paka.

"Mnyamazishe," Beatrisi alisema kutoka kwenye kiti chake, bila kuinua macho kwenye kitambaa.

Jioni Zipora alipokuja, Tabea alimkabidhi mtoto. Neno lilimfika kwenye meno. Alilimeza. Zimebaki wiki nane tu, akajiambia, wiki nane. Alimwona Zipora akishuka bonde na mwanawe mgongoni, na akajua wazi kwamba sasa wako wawili wanaowauza watoto wa watu kwa ajili ya kitu wanachokipenda. Alijua, na bado akangoja. Alichofanya ni kumimina nusu ya kibuyu kila asubuhi na kujazia maji, si sana kiasi cha kugundulika. Alijidanganya kwamba hilo linatosha.

Siku ikafika, Jumatano ya Februari 1954. Beatrisi alikuja amevaa gauni jipya. Alidamka mapema kupaka chokaa upya kwenye nguzo. Saa moja na nusu akatoa kibuyu, akagawa kama kawaida, mafunda manne kwa wote, kwa ajili ya heshima ya wageni. Hakujua kwamba jana yake jioni Tabea alikuwa amekisuuza kibuyu hicho na kukijaza maji yenye asali kidogo. Mkangafu wenyewe ulikuwa kwenye chupa, nyuma ya kuni.

Saa tatu banda halikuwa kimya. Saa tatu na nusu Filbert alikuwa amesimama akitingisha kizuizi cha mlango. Yudita alitambaa mpaka kwenye kiti cha Beatrisi na kuanza kufumua kitambaa. Ilipofika saa nne, watoto arobaini waliokuwa wamelazwa usingizini kwa mwaka mzima waliamka wote na njaa, na sauti zao zikapanda juu ya bati kama mvua ya mawe.

Gari la wageni lilisimama nje wakati huo huo.

Bwana Tai aliingia kwanza, uso umemwiva. Nyuma yake Bibi wa Ustawi na waungwana watatu wenye kofia. Beatrisi alikuwa katikati ya banda na mtoto mmoja kila mkono, akiwatikisa, kilemba kimelegea.

"Kuna nini leo hapa?" Bibi wa Ustawi aliuliza kwa Kiswahili chake cha vitabuni. "Watoto hawa ni wagonjwa?"

"Hapana, Bibi. Ni... ni hali ya hewa."

Bibi aliinama kwa mtoto aliyekuwa akilia miguuni pake. "Huyu anaitwa nani?"

Beatrisi alitazama kibao. Kibao kilikuwa kimegeuka. "Ni Namba..."

"Nimeuliza jina."

"Maria," Beatrisi alisema.

"Ni wa kiume, Bibi," Tabea alisema kutoka pembeni, alipokuwa amesimama na ndoo. "Anaitwa Filbert. Halii kwa njaa, analia kwa sababu umevaa manyoya kwenye kofia, naye anaogopa kuku." Akaenda akamwinua, akamgeuza atazame dirishani, na Filbert akanyamaza. Kisha akaenda kwa anayefuata. "Huyu ni Yudita, mpe kijiko ashike. Huyu ni Gideoni, meno yanamtoka, anataka kitu kigumu cha kutafuna. Huyu ni Anyisile, amelowa tangu saa mbili. Huyu..." Alikwenda safu kwa safu. Hakukosea hata mmoja. Nyuma yake kilio kilipungua, kikawa minong'ono, kikawa sauti za watoto wanaocheza, sauti ambayo bandani mle haikuwahi kusikika.

"Kwa nini siku zote nikija wanakuwa wamelala?" Bibi aliuliza polepole. Hakuwa mjinga. Uso wake ulikuwa umeanza kupauka.

Hilo ndilo swali ambalo Tabea alikuwa amelingojea miezi kumi. Akaenda nyuma ya kuni, akaleta chupa, akaimimina kwenye kikombe cha bati, akampa kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni wa heshima.

"Onja, Bibi. Hiki ndicho kilichopata cheti."

Bibi alionja, akatema.

Wanawake walikuwa wamesikia kilio tangu saa tatu, na sasa walikuwa wameacha vikapu na kujaa mlangoni. Tabea aliwageukia. Hakupaza sauti. Alieleza kila kitu: mafunda mawili, mafunda manne, uji wa nguruwe, mikeka iliyolowa, na mwisho siku ile ya Machi. "Mwanangu alikuwa Namba Kumi na Tisa," akasema. "Mama huyu alimwimbia kaburini." Alimtazama Beatrisi alipokuwa akisema hayo, kwa sababu hakutaka kupitwa na hata mkunjo mmoja wa uso ule. Beatrisi alikuwa amekaa chini sakafuni. Mdomo wake ulikuwa wazi. Mwanamke mmoja aling'oa cheti ukutani, mwingine akamvua kilemba. Lameki alikuja mbio na fimbo, akakuta wanawake sitini, akaishusha.

Tabea aliona utamu ukimpanda kifuani, utamu halisi, kama mtu aliyekunywa maji baada ya safari ndefu. Ukadumu labda kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini.

Kisha Zipora akasimama mbele yake, Yoeli kiunoni.

"Ulijua tangu lini?"

Tabea angeweza kudanganya. "Tangu mwezi wa nne," akasema.

"Mwezi wa nne." Zipora alihesabu kwa vidole, kama mtoto wa shule. "Na siku ile ya Desemba, alipokuja nyumbani hana nguvu za kushika ziwa. Ulinikabidhi mwenyewe. Ulinitazama machoni."

"Nilihitaji siku ya leo, Zipora. Wangekificha kibuyu. Wewe ungefanyaje—"

Zipora alimzaba kofi. Hakuna aliyemzuia. "Yule alikuwa mvivu," akasema. "Wewe ulikuwa na akili zako zote."

Wiki hiyo hiyo Beatrisi na Lameki walifukuzwa. Mali yao ilipakiwa kwenye lori la shamba, mvua ikiinyeshea, na Tabea alisimama kando ya barabara tangu asubuhi ili aone. Watu waliwazomea. Mchungaji alimtenga Beatrisi na meza ya Bwana. Bwana Tai, aliyesema hakuwa na habari, alibaki na shamba lake na tai yake. Hilo lilimuuma Tabea mpaka mwisho, kwamba aliyeweka kipimo cha banda lisilo na kilio alibaki, na aliyekitumia akaondoka. Bibi wa Ustawi alitaka kumpa Tabea banda aliongoze. Akawaita kina mama, akawauliza. Hakuna mkono ulioinuka.

Enoki alirudi kutoka Tanga mwaka huo, akaonyeshwa kaburi, akakaa mwezi mmoja akimtazama mkewe kama mtu anayetazama nyumba iliyoungua. Wakaachana bila ugomvi. Tabea akachukua sanduku lake, akapanda lori, akashuka Makambako, pale njia ya Mbeya inapoachana na ya Songea, mahali penye upepo usiomjua mtu.

Huko alipanga chumba na ua, akawaambia wanawake waliouza viazi na maharage njiani kwamba atawatunzia watoto. Walianza wawili. Alikuwa na masharti ambayo watu waliyacheka. Hakupokea mtoto kabla mama hajakaa naye asubuhi nzima na kueleza mwanawe anapenda nini na anaogopa nini. Hakuchukua zaidi ya watano kwa mtu mmoja mzima. Walipozidi, alimtafuta mlezi mwingine, na mlezi huyo aliulizwa majina kila siku. Mlango haukufungwa. Mama yeyote aliruhusiwa kuingia saa yoyote bila hodi, hata akiwa na matope. Uji uliwekwa mezani, wapita njia wakauona. Zaidi ya hayo, alitaka kelele. Mchana ukipita kimya, Tabea alitoka jikoni kuja kuona kuna nini. Mwalimu mmoja wa shule ya jirani alimuuliza amejifunza wapi kanuni hizo, maana hata vitabuni hajaziona. Tabea alimjibu kwamba kila moja alijifunza kwa kosa la mtu fulani.

Mwaka 1958 mtu huyo alifika. Asubuhi moja yenye upepo mwanamke mzee, mwembamba, kikapu cha viazi kichwani, alisimama uani na kitoto cha kike cha miaka miwili mkononi. Lameki alikuwa amekufa. Binti yao alikufa akijifungua, akaacha huyu. Mzee alikuwa ameambiwa sokoni kwamba kuna mlezi mzuri, hakuambiwa jina. Walipoonana, kikapu kilianguka, viazi vikabingirika mpaka barabarani.

"Nitaondoka," Beatrisi alisema.

"Kaa," Tabea alisema. "Ni lazima ukae asubuhi nzima. Ndiyo kanuni. Anaitwa nani?"

"Fidelia."

"Anapenda nini?"

Beatrisi alimtazama mtoto usoni. "Anapenda kushikwa sikio akilala."

Tabea alimpokea. Wenzake waliojua habari walidhani amesamehe, na wengine walimsifu, kama walivyomsifu kanisani zamani. Hawakumjua. Alimtunza Fidelia kwa uangalifu ambao hata wenyewe wenye mtoto wasingeuweza. Alimshika sikio. Alimfundisha nyimbo. Kila jioni alimkabidhi kwa Beatrisi akiwa mzima, ameshiba, anacheka, ana hadithi ya kusimulia, na kila jioni alitazama uso wa yule mzee ukijua ni nini hasa alichokuwa amemnyang'anya mwenzake. Hakumkaripia hata siku moja. Beatrisi alipoanza kusema, "Mama Ida, nataka kukuambia..." Tabea alimkatiza, "Amekula mara mbili. Amecheza na wenzake. Mchukue." Miaka mitano, maneno yale yale. Beatrisi alikonda. Siku nyingine alilia njiani tangu mlangoni mpaka sokoni. Tabea alimsikia, akaendelea kufua.

Tatizo lilikuwa mtoto. Chuki inahitaji kitu cha kusimamia, na Fidelia alikuwa na mazoea ya kuja nyuma ya Tabea, akajifunga kwenye kanga yake na kumwita "mama" mbele ya watu. Tabea hakuwa amekusudia kumpenda. Jambo hilo lilimwudhi sana, akalivumilia.

Fidelia alipoanza shule, Beatrisi alimleta asubuhi ya kwanza aje kuaga. Mtoto alikuwa amevaa gauni la samawati. Mzee alipiga magoti kwenye vumbi kabla Tabea hajamkatiza, na maneno yakamtoka yote mara moja. "Mimi nilimuua Ida. Nilijua siku ile ile. Niliona midomo yake na nikaona uvivu kuinuka. Nilitaka kukuambia, hukuniruhusu."

Tabea alisimama na kijiko cha uji mkononi. Watu walikuwa wanapita. Upepo ulikuwa unapiga kanga zao zote mbili.

"Sikukuruhusu kwa sababu ungepona," alisema. "Sasa umeshasema. Inuka, unamtia mtoto aibu siku yake ya shule."

"Umenisamehe?"

"Hapana," Tabea alisema. "Lakini Fidelia akitoka shule saa saba, na wewe bado uko sokoni, aje hapa ale. Usimwache akae njiani na upepo huu."

Beatrisi aliinuka, akajipangusa magoti, akamshika mjukuu mkono. Ndani ya nyumba mtoto mmoja mgeni, aliyeletwa jana yake tu, alikuwa ameanza kulia, na Tabea akaingia kumtazama.